Mti Haujanywa: Funzo la Mtumbwi Mkuukuu wa Chewele

Wahenga walinena kwamba chombo cha kuzama hakina usukani. Methali hiyo nimeifafanua mbele ya wanafunzi kwa miaka kumi na minane, ubaoni na katika karatasi za mitihani, nami nikiamini kwamba naijua. Mwezi wa Agosti mwaka 2024, katikati ya Mto Tana, maji yakiwa yamenifika kwenye vifundo vya miguu na mwanafunzi wangu akiyachota kwa sufuria ya kupikia ugali, ndipo nilipong'amua kwamba mtu aweza kuijua methali kwa ulimi asiijue kwa nyayo.

Kisa chenyewe kilianza hivi. Nilikuwa nimekwenda Chewele, wadi iliyo upande wa Bura katika Kaunti ya Tana River, kaskazini ya Garsen, kukusanya msamiati wa mto. Msomaji wa isimu anajua kwa nini mahali hapa panatuvuta. Kingo za Tana ni makao ya Wapokomo na Wamalakote, ambao lugha zao ni ndugu wa damu wa Kiswahili. Wataalamu Derek Nurse na Thomas Hinnebusch, katika kitabu chao cha mwaka 1993 kuhusu historia ya lugha hizi, waliziweka katika kundi moja liitwalo Sabaki, pamoja na lugha za Wamijikenda na za Wangazija. Jirani zao wa siku nyingi ni Wamunyoyaya, Waorma na Wasomali. Kwa hiyo mtu akikaa mwezi mmoja kandokando ya mto huo, akiwa na masikio na daftari, hakosi kurudi na mzigo.

Shida yangu ilikuwa kuvuka. Wazee niliotaka kuzungumza nao waliishi pande zote mbili za mto, na kila siku nilitoa nauli ya kwenda na ya kurudi. Nikapiga hesabu, nikaona kwamba kununua mtumbwi uliotumika kungenipunguzia gharama, na mwisho wa utafiti ningewaachia vijana wa kijiji. Nikaupata mmoja, urefu wake yapata mita tano, umelala kifudifudi chini ya mwembe tangu mafuriko ya mwezi wa Aprili na Mei mwaka huo. Ulikuwa na ufa kwenye ubavu wa kushoto wenye urefu wa mkono mzima, shimo la kuoza karibu na tezi, na viraka vya bati vilivyoshika kutu. Bei yake ilikuwa ndogo, nami nikajiona mjanja.

Mwenyewe alikuwa mzee aliyekwisha pita umri wa miaka sabini, fundi wa kuchonga na mvuvi wa kambare. Aliniambia kwamba mtumbwi ule ulichongwa kwa ajili ya kazi mbili, uvuvi na uwindaji. Akanionyesha tundu karibu na omo, lililolainika kwa kupitishwa kamba. "Hapo," alisema, "ndipo baba yangu alipofunga kamba ya chusa. Kiboko au mamba akichomwa, huvuta, na mtumbwi humfuata hata achoke." Uwindaji ulipigwa marufuku nchini Kenya mwaka 1977, na tangu hapo tundu lile halina kazi. Nilipomwuliza kama anausikitikia wakati ule, mzee alicheka kidogo. "Mwalimu, uwindaji haukwisha. Siku hizi mamba ndiye anayetuwinda sisi."

Nikaliandika neno hilo. Nikaandika pia mengine mengi aliyoyasema siku zile, maana alikuwa msemaji hodari na mimi nilikuwa mwandishi mwepesi. Hapo ndipo penye kosa langu.

Tulikubaliana kwamba angenisaidia kuutengeneza, ila kwanza aende kwenye msiba wa jamaa yake, siku tano au sita. Kabla ya kuondoka alitia kiganja chake kwenye ule ufa, akanitazama, akasema: "Usiuguse kwanza, mwanangu. Mti haujanywa." Nilifurahi mno. Nikafungua daftari nikaandika: *mti haujanywa*, tashihisi, msemaji mwanamume mwenye umri wa miaka sabini na kitu, mada: vyombo vya maji. Nikamwambia mwanafunzi wangu, binti mwerevu wa shahada ya uzamili, atazame jinsi lugha ya mafundi ilivyo na uhai, jinsi gogo linavyopewa kiu kama mwanadamu. Kisha, siku mbili baadaye, kwa kuwa nilikuwa na haraka na muda wa ruhusa yangu ulikuwa ukiyoyoma, nikanunua gundi ngumu ya dukani, ile ya kuchanganya mikebe miwili, nikaushindilia ule ufa hata ukajaa pomoni. Ilipokauka nikaigonga kwa ukucha. Ilikuwa ngumu kama jiwe, nami nikaridhika.

Siku ya pili tuliuteremsha mtumbwi majini, tukapanda watu watatu: mimi, mwanafunzi wangu, na kijana wa kushika upondo. Robo ya kwanza ya safari ilikuwa shwari. Kisha ukasikika mlio, mdogo tu, kama wa kijiti kikavu kinachokanyagwa. Gundi haikutoka. Iliendelea kukaa mahali pake, imara kabisa, lakini mti ulikuwa umepasuka kando yake, na ufa uliokuwa na urefu wa mkono sasa ulikuwa ukikimbilia kwenye omo. Maji yakaingia. Kijana hakusema neno. Aligeuza omo kuelekea fungu la mchanga lililokuwa hatua hamsini chini ya mto, akasukuma upondo kwa nguvu zake zote. Binti alichota maji kwa sufuria. Mimi nilichota kwa kofia. Upande wa pili wa fungu lile, mnyama ambaye mzee alinitajia aliteremka majini taratibu tulipokaribia, kana kwamba anatupisha. Tulifika, hakufa mtu. Daftari zangu mbili zililowa, na katika mojawapo wino ulikuwa umesambaa juu ya maneno *mti haujanywa*.

Mzee aliporudi hakunikaripia, na hilo liliniuma zaidi. Alikaa chini ya mwembe, akanieleza kwa upole kama mtu anavyomweleza mtoto wa darasa la kwanza. Mti uliokaa juani miezi mitatu, alisema, umekonda. Ufa wake hufunguka kwa sababu ya ukavu. Ukiutia majini hunywa, na ukinywa hunenepa, na ukinenepa ufa hujifumba wenyewe, wakati mwingine hata usiweze kupitisha ubua wa majani. Sasa wewe ukiujaza ufa kitu kigumu wakati mti umekonda, mti utakaponenepa utakosa pa kujifumbia. Utajipasua mahali pengine. "Nilikwambia haujanywa," alisema. "Wewe uliandika."

Msomaji, sijapata katika maisha yangu yote ya usomi kusahihishwa kwa sentensi fupi kuliko hiyo. Nililolidhani tashihisi lilikuwa agizo. Nililolihifadhi kama pambo la lugha lilikuwa kanuni ya kazi, iliyopatikana kwa uzoefu wa vizazi, na yenye maana kamili hata kwa mwanafizikia. Nilikuwa nimeyachukua maneno nikaliacha jambo, na jambo lile nusura lituue.

Tuliuanza upya mtumbwi, safari hii mimi nikiwa mshika vifaa. Naeleza kwa urefu kidogo, kwa kuwa kila hatua ilikuwa na neno lake na kila neno lilikuwa na sababu yake.

Kwanza tuliukwangua kwa tezo, ndani na nje, tukaondoa tope, lami ya zamani na ile gundi yangu. Kisha mzee aligeuza tezo akaugonga mtumbwi kwa mpini wake, shubiri kwa shubiri, kutoka omo hadi tezi, ameinamisha kichwa kama daktari anayepima kifua. Penye uzima mti ulitoa mlio mkavu. Penye uozo ulitoa mlio mzito, uliokufa. Sehemu zilizokufa alizizungushia alama ya mkaa, akazikata kwa patasi mpaka akafika kwenye mti hai. "Usionee huruma ubovu," alisema. "Ukibakiza kidogo utaula mwili wote."

Kwenye mwisho wa ufa, pale ulipokoma, alitoboa tundu dogo kwa keekee. Nilishangaa kwamba dawa ya mtumbwi unaovuja ni kuutoboa. Akanieleza kwamba ufa husafiri kwa ncha yake kali. Ukikutana na tundu la mviringo hukosa ncha ya kuendelea nayo. Mafundi wa vyuma hufanya vivyo hivyo penye mipasuko. Baadaye tundu lile lilizibwa kwa kigingi cha mti.

Penye shimo la tezi palitiwa kiraka cha mbao, kilichokatwa kutoka kwenye mtumbwi mwingine uliokwisha kufa, ili mti ufanane na mti. Mzee alihakikisha kwamba nyuzi za kiraka zinalala upande mmoja na nyuzi za mtumbwi, kwani zikikingamana kimoja kitanenepa huku na kingine kule, na misumari itang'oka. Maungio yalitiwa kalafati ya pamba iliyolowekwa mafuta, ikashindiliwa kwa patasi butu. Ufa wenyewe haukujazwa kitu kigumu. Ulifunikwa kwa ukanda wa mpira uliokatwa kwenye tyubu ya gurudumu, ukapakwa lami chini yake, ukabanwa juu kwa ukanda wa bati na misumari midogo yenye zinki. Mpira ulichaguliwa kwa sababu hukubali kubanwa na kuvutwa. Mti ukikonda au ukinenepa, mpira huufuata.

Baada ya matengenezo yalikuja maboresho. Tuliinua mbavu kwa ubao mmoja kila upande, upana wa kiganja na nusu, ili wimbi lisiingie kirahisi. Vijana walitaka mbao mbili. Mzee alikataa: mtumbwi ukiwa mrefu wa mbavu, watu huketi juu, na watu wakiketi juu mtumbwi hulewa. Tulitia mataruma matatu ya kushikilia mbavu zisifunguke, na hayo yakawa pia ya kuketia. Vijana walipendekeza injini. Hilo pia alilikataa, kwani mtumbwi wa kuchongwa haukuumbwa kubeba uzito na mtikiso pale tezi, na kiraka kipya kingekuwa cha kwanza kulalamika.

Pendekezo langu moja lilikubaliwa, nami nalitaja kwa kujifariji. Tulifunga madumu sita matupu ya lita ishirini, yaliyozibwa barabara, matatu omo na matatu tezi. Kila dumu likizama huweza kubeba uzito wa karibu kilo ishirini, kwa hiyo mtumbwi ukijaa maji hautaanguka chini kama gogo. Utabaki na nguvu ya kumshikilia mtu hata apate msaada. Mzee aliyatazama, akayatikisa, akasema: "Haya mazuri. Haya yangemfaa marehemu ndugu yangu." Hakueleza zaidi, nami sikuuliza, wala sikuandika.

Mwisho tuliufunga mahali penye maji haba, tukaujaza maji, tukauacha unywe siku mbili. Siku ya tatu tuliupakia magunia ya mchanga badala ya watu, tukausukuma ukaelea nusu siku. Ndani mlikuwa na maji ya kujaza kata moja tu. Hapo ndipo tulipopanda.

Kwa nini nawachosha walimu na wanafunzi kwa habari za lami na madumu? Kwa sababu mbili, na zote ni nzito.

Ya kwanza ni maisha ya watu. Tarehe 28 mwezi wa Aprili mwaka 2024, mashua iliyokuwa ikivusha abiria katika maji ya mafuriko huko Kona Punda, karibu na Madogo, ilipinduka na watu wakafa maji. Mtu wa mjini husoma habari kama hiyo akaisahau. Kwa mtu wa Tana kuvuka si safari ya starehe. Ni njia ya kwendea shuleni, hospitalini na shambani. Na vyombo vinazeeka. Mitumbwi ya huku huchongwa kutoka miti mikubwa ya msitu wa kando ya mto, mmojawapo ukiwa ule ambao wataalamu huuita Populus ilicifolia. Mti huo huota kwenye udongo mpya unaoletwa na mafuriko. Tangu bwawa la Kindaruma la mwaka 1968 hadi lile la Kiambere la mwaka 1988, mabwawa matano ya umeme yamejengwa juu ya mto huo, na mafuriko ya kawaida, yale yaliyoleta rutuba, yamepungua, ingawa yale ya maangamizi bado huja. Mashamba nayo yamekula msitu. Gogo la kuchonga mtumbwi mpya si jambo la kuokotwa tena. Kwa hiyo atakayejua kuutengeneza mkuukuu ndiye atakayevuka salama.

Sababu ya pili ni elimu yetu. Tunawafundisha watoto kwamba *kwenda mrama* ni kuharibika kwa mambo, nao huandika hivyo wakapata alama. Ni wangapi wanaojua kwamba mrama ni kule kuyumba kwa chombo kinapopigwa na mawimbi? Tunawafundisha kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini hatuwafundishi kwamba kuna ufa ambao ukiuziba kwa pupa utajenga mtumbwi mzima. Misemo tumeifanya orodha ya kukariri, na maneno yamekuwa maganda yasiyo na kokwa.

Si kwamba wanaisimu hawakuonywa. Mapema katika karne ya 20, wataalamu wa Ulaya ya Kati kama Rudolf Meringer walisisitiza kwamba neno halisomwi bila kitu chake, na mwaka 1909 wakaanzisha jarida lililoitwa Wörter und Sachen, yaani Maneno na Vitu. Katika pwani yetu, Padri Charles Sacleux alijaza kamusi yake ya mwaka 1939 kwa msamiati wa mabaharia, na A. H. J. Prins alichapisha mwaka 1965 kitabu kizima juu ya ubaharia wa Lamu. Vitabu hivyo vinapatikana maktabani. Mimi mwenyewe nimevitaja katika tasnifu yangu. Ila kukitaja kitabu si sawa na kushika tezo.

Wapo wanaosema kwamba Kiswahili hakina istilahi za ufundi, na kwamba elimu ya kiufundi haiwezi kutolewa kwa lugha hii. Nawaalika chini ya mwembe ule. Katika siku tisa sikusikia jambo hata moja lililomshinda mzee kulieleza. Lugha yake ilikuwa na maneno ya asili yetu, kama kafi, upondo na mtumbwi, na maneno yaliyoletwa na bahari, kama kalafati, au usukani uliotoka Kiarabu, au nahodha aliyetoka Uajemi, na yote yakiishi nyumba moja bila ugomvi. Huko Lamu, mafundi wakiongozwa na Ali Skanda waliunda jahazi la Flipflopi kwa plastiki iliyotupwa, wakalizindua mwaka 2018, na mwaka uliofuata likasafiri hadi Zanzibar. Fundi anayeweza kuigeuza ndara iliyochakaa kuwa ubavu wa jahazi hashindwi kuwa na maneno ya kusemea kazi yake. Tatizo ni kwamba hatumkaribishi darasani.

Basi nina ombi kwa walimu, hasa wale wa shule za kandokando ya maji. Mtaala wa umilisi unataka mwanafunzi ajifunze kwa kutenda na kwa kuishirikisha jamii. Mleteni fundi shuleni, au wapelekeni wanafunzi kwake, na somo la Kiswahili lifanyike siku hiyo penye lami na pamba. Mwanafunzi aandike, naam, lakini kabla ya kuandika aulize: ina maana nifanye nini? Kwa wanafunzi wa vyuo vikuu mnaokwenda nyanjani na vinasa sauti, nawasihi msiwe kama mimi. Mzee anapowapa neno, kwanza litiini.

Mtumbwi ule uko Chewele hadi leo, mikononi mwa vijana, na nimesikia kwamba umevuka misimu ya mvua bila kuvuja kupita kiasi. Ile daftari iliyolowa ninayo ofisini. Mwanafunzi wangu alipowasilisha tasnifu yake mbele ya jopo, mtahini mmoja alimwuliza kwa nini katika faharasa yake maelezo ya *kunywa*, kwa habari ya mti, yanachukua nusu ukurasa wakati maneno mengine yamepewa mstari mmoja. Alinitazama kwa jicho la pembeni, kisha akajibu: "Kwa sababu hilo, bwana, nililielewa nikiwa ndani yake."